Siku Niliyojitia Ukalimani kwa Bibi wa Mwika

Jamani, hili nawasimulia huku natazama chini, maana mpaka leo nikipita korido ya chumba chetu cha kamera pale hospitali nahisi kuna mtu atanicheka mgongoni, na asiponicheka ndiyo naumia zaidi. Mimi ni nesi, mnanijua, naitwa Godlisten (maana yake Mungu sikiliza, chekeni mmalize kabisa ndipo tuendelee), baba yangu Mchagga wa Sanya Juu, mama Mpare, nimezaliwa na kukulia Moshi mjini, nyumbani tuliongea Kiswahili kutwa kucha, na Kichagga changu ni cha kusalimia msibani na kuagiza pombe ya mbege, basi.

Wakati huo kitengo chetu kilikuwa kimeletewa kifaa kipya cha majaribio kwa wagonjwa wanaoshindwa kumeza. Kuna watu ambao mlango wa chini wa njia ya chakula, pale inapoingia tumboni, unagoma kufunguka, mtu anakula, chakula kinasimama kifuani, kinakaa humo kutwa nzima halafu kinarudi kama kilivyoingia. Kifaa chenyewe kilikuwa mpira mwembamba wenye puto mbele, unapitishwa mdomoni pamoja na kamera, puto linajazwa maji pole pole, linautanua ule mlango na papo hapo linampimia daktari umelegea kiasi gani. Siku hiyo walikuja madaktari wageni na wanafunzi, wakakalishwa chumba cha pili mbele ya skrini kubwa, na mkuu wetu, Daktari Mwanaidi, mama wa Tanga, mpole ila kazini hapendi mchezo, akabandikwa kipaza sauti kidogo kwenye kola ili kila linalosemwa kitandani wale wa chumba cha pili walisikie.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Bibi Aikaeli kutoka Mwika, amebaki mifupa na kitenge, ana macho makubwa yanayokufuata kila unakokwenda. Aliletwa na mwanawe, Baba Neema, mtu mzima mwenye sauti nene, ambaye kila swali la daktari alilidaka yeye.

"Mama hasikii Kiswahili vizuri," alisema. "Niulize mimi."

Daktari alivumilia, mwisho akamwomba kwa adabu atusubiri nje, akamwambia hiki ni kitu cha majaribio na lazima asikie kutoka kwa bibi mwenyewe. Kisha akageuka, akasoma jina la ukoo wangu kifuani.

"Godi, wewe si Mchagga? Kichagga unasikia?"

Neno moja tu lilihitajika hapo, na nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nilikuwa mpya kwenye kitengo, wale wageni wa chumba cha pili wanasikiliza, na kusema mimi Mchagga nisiyejua Kichagga niliona ni kama kuvuliwa nguo mbele za watu, nikasema, "Nasikia, daktari." (Kumbe hata ningekuwa nakijua cha kwetu Sanya Juu, cha Mwika ni kingine kabisa, wazee wa pande hizo mbili wakikutana huishia kuongea Kiswahili. Hilo nilikuwa nalijua pia.)

Maswali ya mwanzo yalipita, nikachanganya maneno machache na ishara za mikono, bibi akawa anaitikia kwa kichwa. Ndipo daktari akasema, "Muulize mara ya mwisho ametia nini mdomoni, na lini." Wagonjwa hawa wanatakiwa kukaa siku kadhaa kwa maji matupu, na asubuhi ya kazi hata maji hapana, maana chakula kikiwa bado kimekwama juu na mtu amelazwa na dawa ya usingizi, kinaweza kupanda kikaingia mapafuni.

Bibi alitazama mlangoni kwanza, akaona mwanawe hayupo, akanishika kifundo cha mkono akaanza kusema kwa sauti ya chini, maneno mengi, bila kuniondolea macho. Nilisikia "mtori", ule uji wetu wa ndizi na nyama. Mengine yote yalinipita. Alipomaliza akaningoja, na mimi, badala ya kusema sijaelewa, nikaitikia kwa kichwa, tena nikampigapiga mkono kama mjukuu mwema. Akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Anasemaje?" daktari akauliza.

"Anasema chakula chake cha mwisho kilikuwa mtori, kabla ya kuanza kufunga. Tangu hapo maji tu."

Sijui niliyatoa wapi. Niliokota neno moja, mengine nikayashona mwenyewe.

Bibi akachomwa dawa, akasinzia, kamera ikaingia. Kwenye skrini, mahali ambapo tungeona njia safi, palijaa uji mzito wa ndizi, na nyuzi za nyama zikiogelea juu. "Hiki ni nini?" daktari akasema, na kabla hajamaliza bibi akakohoa, mtori ukapanda, ukatoka mdomoni na puani, tukamgeuza ubavu, mashine ya kunyonya ikawashwa, oksijeni ikawa inashuka na ile mashine ya kupimia inalia mfululizo, mimi nimeshika kichwa chake, shati limelowa mpaka tumboni. Puto halikumgusa hata kidogo. Wageni chumba cha pili wanaona yote, wanasikia yote.

Katikati ya kukohoa, nusu usingizini, bibi alikuwa anasema maneno yale yale. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Sista Aneth, nesi wetu wa siku nyingi, mzaliwa wa Mwika, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia kule kwa wageni na chupa za chai akamsikia bibi kwenye spika.

"Anasema alikunywa mtori leo alfajiri, njaa ilimzidi, mwanawe hajui," Sista alisema. "Anasema alishamwambia huyu kijana, na kijana akaitikia."

Daktari Mwanaidi hakupandisha sauti. Kile kipaza sauti bado kilikuwa kwenye kola.

"Godi, alikwambia?"

"Sikuelewa, daktari."

"Ulisema unasikia."

Huko chumba cha pili mtu mmoja alianza kucheka akakatishwa, nikamsikia kupitia ukuta.

Baba Neema alikuwa ameshaingia. Alimwona mama yake na barakoa ya oksijeni, akanigeukia, akaniuliza kitu kwa Kichagga. Hata hicho sikukielewa. Akarudia kwa Kiswahili, taratibu, kama anasema na mtoto: "Nakuuliza, wewe ni mtoto wa nani?"

Chakula kiliingia mapafuni. Bibi alilazwa wodini na homa, wiki nyingi, akapona mapafu, akarudi Mwika bila kumezeshwa kile kifaa. Majaribio yalisimama, kisha yakaendelea kwa wengine, na niseme ukweli, wengine kiliwasaidia, kuna baba mmoja kutoka kijiji cha Kilema alikula ugali mbele yetu huku machozi yanamtoka. Ile furaha nilishindwa kuitazama.

Nilimwomba Sista Aneth anipeleke Mwika kuomba radhi, yeye awe mkalimani. Tulimkuta bibi uani, kwenye kigoda, anaota jua na kikombe cha maziwa aliyokuwa anayameza tone kwa tone. Nikamwamkia shikamoo, nikaanza kusema kwa Kiswahili, Sista akafungua mdomo atafsiri, bibi akamzuia kwa mkono.

"Namsikia," alisema, kwa Kiswahili. "Nimeuza ndizi sokoni maisha yangu yote, kwa Wapare, kwa Wamasai, ningewauziaje bila Kiswahili? Kile cha daktari kilikuwa na haraka, na mwanangu akanisemea. Wewe ukaja unasikia Kichagga, nikafurahi, maana jambo lenyewe la aibu, nikakwambia kwa lugha yangu. Ungesema hujasikia, ningerudia kwa Kiswahili."

Nikamwambia daktari bado yuko tayari, wakati wowote, hata kesho.

"Pale nilishasema mara moja," akanijibu. "Sisemi tena."

Hakurudi. Alizidi kukonda, masika yaliyofuata akafariki. Nilienda kuzika, nikasimama nyuma kabisa kwenye migomba nikidhani sionekani, Baba Neema akaja mpaka nilipo, akaniwekea koleo mkononi, akaondoka. Nikafukia kaburi pamoja na wengine.

Siku hizi wakiniita nitafsiri nasema sisikii, tena kwa sauti. Kuna wanaocheka, Mchagga gani huyu. Na hata kwa Kiswahili, mgonjwa akisema nikakosa neno moja, namwomba arudie, arudie tena, daktari amesimama na glavu mikononi ananingoja, ananuna, na mimi nasema, "Subiri, daktari. Bado sijamwelewa."