Nyota Iliyozidi Ulimwengu Umri

Kwanza ilikuwa sauti: ngaa, ngaa, ngaa, jante la lori, ule mviringo wa chuma wa gurudumu, likigongwa kwa nondo ndani ya ukungu wa Butembo, shule yenyewe bado haionekani. Niliifuata nikiwa nimeshika kitenge cha mama, nikiomba mkono wangu urefuke.

Maana sisi wa siku zile tulipimwa umri kwa mkono. Uupitishe juu ya kichwa. Ukigusa sikio la upande wa pili, una miaka sita, ingia darasa la kwanza. Usipogusa, rudi nyumbani ukachambue maharagwe mwaka mzima. Watoto wa dada yangu leo wanajua hata dakika waliyozaliwa, na keki wanaidai mwezi mzima kabla!

Mlangoni pa darasa, vidole vyangu vilikwama juu kidogo ya sikio. Directeur, mkuu wa shule, akatikisa kichwa. Mama, kwa hofu, akazidisha chumvi: "Huyu iko na miaka munane! Nilimuzala mwaka ule nilianza kuleta samaki ya Kyavinyonge."

"Mama Paluku," directeur akasema, akimwita kwa jina la kifungua mimba wake, "Kambale kaka yake iko mu darasa ya pili, na miaka saba. Wa nyuma anapita wa mbele?"

Darasa likaangua kicheko. Machozi yakanijaa. Hapo mwalimu wetu, aliyetumwa kutoka Kasai, naye mpenzi mkubwa wa nyota, akaweka chaki chini.

"Lakini directeur, hata bale banapima nyota, mambo kama hii ilibapata. Walihesabu miaka ya nyota moja ya zamani, ikatoka mukubwa kupita ulimwengu wenye kuizala! Hawakuifukuza mbinguni. Walipima tena." Akaniinamia. "Fungua kinywa."

Meno mawili ya utoto, ya chini, yalikuwa yameng'oka.

"Sita," akasema. Directeur akacheka, akaandika.

Baadaye nilisoma kwamba hakudanganya. Nyota haina cheti cha kuzaliwa. Wanaisoma kwa rangi na mwanga wake, kama mama anavyojua makaa yamewaka tangu lini. Wakikosea umbali, umri nao unapotoka. Ulimwengu sasa umepewa karibu miaka bilioni kumi na nne, na ile nyota imerudi kuwa mtoto wa mama yake.

Leo karatasi inajibu upesi, na hakuna anayekuinamia. Sisi, ili tujulikane, ilibidi mtu atutazame vizuri.

Mama alikitoa kitenge mkononi mwangu taratibu. "Ukae muzuri. Usilale." Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake, nami nikabaki upande wa ndani.