Mama Alipoiacha Nyama kwa Mkwe

Nakumbuka Jumapili moja mama yangu alipokuja kututembelea Kangemi, nikiwa nimeolewa juzi juzi tu. Mwanangu, unajua kwetu Waluhya mama hali ovyo mbele ya mume wa binti yake. Basi mama alipotafuna kipande kimoja cha kuku, akakiweka kando, baba yako alinifuata jikoni akaninong'oneza, "Mama yako ana heshima kweli!" Nami nikafurahi, mjinga mimi.

Kumbe taya zilikuwa zinamuuma. Akitafuna kidogo zinachoka, akipumzika zinatulia. Mara nikamwona amekifungua kitambaa cha kichwa, mwanamke ambaye hata dukani haendi kichwa wazi! Nikamvuta kando nikamfokea.

"Mama, jifunike bwana, mkwe wako anaona!"

"Kinanichoma," akasema taratibu. "Hata kitana sikiwezi. Na huu upande wa kichwa unanigonga usiku kucha."

"Ni uzee huo, mama. Meza dawa ya maumivu utapoa."

Alijifunga kile kitambaa, akaenda kulala kwa binamu yake kule Kinoo, maana mama hawezi kulala nyumbani kwa mkwe. Wiki hiyo hiyo binamu akanipigia simu: mama ameamka, jicho moja halioni. Tukamkimbiza hospitali. Daktari akatueleza kwamba kinga ya mwili wake imemgeukia, inashambulia mishipa ya damu ya kichwani, na kwamba ugonjwa huo huwapata watu wa umri wake. Dawa zikaliokoa jicho la pili. La kwanza halikurudi, na mpaka leo linaniuma mimi.

Sasa nisikilize. Mzazi akianza kuumwa kichwa kwa namna asiyoizoea, taya zichoke akila, ngozi ya kichwa isiguswe, ama mabega yakaze asubuhi hata sweta iwe kazi kuvaa, usimwambie ni uzee. Mpeleke kwa daktari upesi, na macho yakiingia giza usingoje hata chai. Tena muulize vizuri, maana wengine huficha kwa haya.

Mimi nimefika umri wake. Juzi uliniambia haya mabega yangu ni miaka tu. Sikukasirika, lakini niliogopa. Kesho asubuhi nipeleke, mwanangu. Mungu akubariki, akupe watoto watakaokuuliza unaumwa wapi, kisha wakae chini wakusikie.