Mtoto mmoja, baba wawili: mpaka wa shule ulivyotuhamisha nyumba Columbus

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo. Haya yamenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi. Anayebisha apite Ohio nimpe chai, amuulize mke wangu.

Mimi ni Mkongo wa milima ya Kivu Kusini. Nimekulia kambini Kigoma, ndiyo maana Kiswahili changu mnakielewa. Mwaka 2015 nilikuwa nimepanga nyumba Gahanna, kitongoji cha Columbus karibu na airport, na mke wangu na mtoto wetu mdogo.

Kaka yangu akahama kutoka Louisville, akaja Columbus mjini na mkewe na binti yao Furaha, miaka kumi na mitatu.

Wazazi wote wawili wakapata shift ya usiku warehouse, basi Furaha akaja kukaa kwetu. Hakuna aliyeitisha kikao. Kwetu mtoto wa kaka yako ni wako.

Nikampeleka shule. Dada wa ofisini akauliza, wewe ni baba yake? Nikajibu ndiyo bila kupepesa. Sikudanganya, wakuu. Ningesema hapana, Furaha mwenyewe angenishangaa.

Tulilokuwa hatulijui ni hili: Louisville mji na vitongoji vyake ni wilaya moja ya shule. Huku kila kitongoji kina yake, na mtoto anahesabiwa pale anapoishi mzazi. Unavuka barabara tu, umeshatoka.

Furaha alikuwa mtoto wa kunyamaza. Louisville alimaliza mwaka hajamsemesha mwalimu. Hapa akapata mwalimu mpole wa Kiingereza, akaanza kucheka, akafika hadi kunisahihisha mimi. Nilifurahi mno.

Ikaja siku ya wazazi kuonana na walimu. Kaka akaja na suti yake ya kanisani, mimi na nguo za kazi.

Mwalimu akauliza, baba ni nani?

Tukajibu kwa pamoja: mimi.

Furaha akamwambia kwa Kiingereza kwamba wote ni baba zake. Mwalimu akacheka. Habari ilipofika ofisini, huko hawakucheka.

Tukaitwa, tukaelezwa kwa adabu kabisa: ama mahakama inipe mimi malezi ya Furaha, ama muhula ukiisha arudi shule za mjini.

Jioni tukakaa sebuleni kwangu. Shemeji akasema, "Bon, huyu mutoto nilikimbia naye vita, mu mugongo. Leo niende ku tribunal niseme hayiko wangu? Hapana. Heri akose iyo masomo."

Nilimwelewa shemeji, na roho iliniuma kwa ajili ya Furaha.

Mke wangu alikuwa analisha mtoto. Akasema bila kuinua kichwa, "Donc, banataka bazazi baikale Gahanna? Basi mukuye muikale humu. Siye tutaenda kule kwenu. Wetu hayaanza masomo."

Yaani tubadilishane nyumba.

Wenye nyumba wote wawili walikubali. Sisi tukaangukia kwa kaka mjini, mtaa wa kihistoria wa matofali mekundu unaolindwa na serikali ya mji, ambako hata kubadili dirisha la mbele kunaombewa kibali. Baridi inaingia, kibali hakiingii.

Sasa siku ya kuhama, Furaha akatoka na begi lake, akaliweka kwenye gari langu, akakaa nyuma na mdogo wake, akafunga mkanda. Kumbe wakubwa tulipanga yote, hakuna aliyemweleza.

Nikamwambia, mama, wewe unabaki. Wazazi wako ndio wanakuja.

Akashuka polepole. Akaniuliza, "Shule wakiuliza tena baba ni nani, niseme nini?"

Nikamwambia amtaje anayeishi hapa.

Akasema, "Siwezi kusema hivyo, baba."

Nikawasha gari sijamjibu. Nililia hadi mjini, na sioni aibu kuwaambia.

Funzo: kabla hujapanga nyumba Marekani, uliza mpaka wa wilaya ya shule unapita wapi. Na mtoto mweleze mapema, naye ana moyo.

Mlioko Buffalo, East Side, nasikia ndugu zetu mmejaa huko. Watoto wa kaka zenu mnawaandikishaje? Na wewe ungekuwa mimi, ungemjibu nini Furaha?