Upepo wa Magurudumu ya Nyuma

Kabla ya kukabidhiwa Benzi ya meneja, nilikuwa nimeendesha trekta la majani chai kwa miaka sita, na trekta ndilo lililoniharibu. Mashambani, mvua ikigeuza njia kuwa uji, dereva hushuka, hupunguza upepo wa magurudumu ya nyuma, na tairi hutanuka likashika matope. Ukishatoka, unajaza tena kwa pampu. Wengi wetu tulikumbuka nusu ya kwanza tu.

Benzi haikutaka mchezo huo. Kila asubuhi, matairi yakiwa bado baridi, nilipima upepo na kuchokoa vijiwe kwenye mifereji yake. Nilikuwa na maringo kidogo, sikatai. Wenzangu wa zamani wakaniita daktari wa tairi.

Dada yangu mdogo alipoolewa, meneja alituazima gari limtoe nyumbani karibu na Kabianga hadi kanisani Sigor. Buti ilijaa sanduku la nguo, mablanketi na vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kuganda, ambavyo mama hakutaka vikaribie gauni. Ili vienee, nikaitoa pampu na kuiacha kwenye kibanda cha ng'ombe. Mimi, daktari.

Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mlima wa kwanza magurudumu yakazunguka bure. Mkono ulikumbuka trekta kabla ya kichwa: nikashuka na suti yangu, nikatoa upepo nyuma, gari likapanda watu wakipiga vigelegele. Nilifurahi sana. Tulipogusa lami ndipo nilipokumbuka pampu ilipo.

Kurudi kwenye matope yale tuliyokwisha kuyavuruga ilikuwa kwenda kukwama. Spea ilikuwa moja, na magurudumu niliyoyalegeza ni mawili. Tairi legevu likikimbizwa kwenye lami hupata moto, mwishowe hupasuka, na nyuma yangu alikaa dada. Nikaamua kwenda kwa mwendo wa trekta hadi Litein, penye mashine ya upepo.

“Wee kijana,” baba akasema kando yangu, “hii gari ni ya kubeba bibi arusi ama ni ya kubeba majani?”

“Upepo ni kidogo, baba. Nilitoa, na pampu nimeacha nyumbani.”

“Na watu wa Sigor wanangoja.”

“Wacha wangoje.”

Sikuwa nimewahi kumjibu hivyo. Hata hivyo sikuongeza mwendo. Pikapu iliyombeba mama na kwaya ikatupita. Kisha trekta likatupita, na baba akashusha kofia usoni kwa aibu.

Hasira yake iliisha kabla ya safari kuisha. Kwetu, baba hakai akapiga soga na binti aliyekomaa. Maneno hupitia kwa mama. Lakini mama alikuwa ametangulia, na barabara ilikuwa bado ndefu. Akageuka. Akamuuliza dada kama gauni linambana, kisha kama anamkumbuka yule ndama aliyemlea kwa chupa. Dada akacheka, kicheko cha kwanza tangu juzi. Baadaye baba akatazama mbele, akasema polepole:

“Watu husema msichana akishatoka harudi. Mimi sijasema hivyo. Ukiona huko ni kubaya, kuja. Mlango ni ule ule.”

Dada alilia kimya kimya. Mimi nilikaza macho barabarani.

Litein, baba alishuka akaweka kiganja kwenye tairi, akakitoa upesi. “Hii imechemka,” akasema, na habari ya mwendo ikaishia hapo. Tulingoja matairi yapoe, nikajaza kwa kipimo, tukafika Sigor kwaya imeshachoka.

Mwaka wa tatu, dada alirudi asubuhi moja, mtoto mgongoni na jicho moja limevimba. Baba alimfungulia lango mwenyewe, hakuuliza kitu.

Jumapili iliyofuata nilimkuta dada akikamua ng'ombe kwenye kile kibanda. Nikaanza tena kuomba msamaha kwa kumchelewesha arusini. Hakuinua kichwa.

“Ungekuwa na pampu siku ile,” akasema, “mimi ningekuwa bado huko.”