Babu Bashiri Amebaki na Neno Moja

Saa tatu asubuhi, mlango wa chuma wa ukumbi wa michezo haujapandishwa hata nusu, Mama Bisibisi ameshapita chini yake. Anainama, anaingia gizani, anapapasa ukuta mpaka kwenye swichi.

Taa zinawaka moja moja. Kwenye ukuta wa kushoto kuna samaki mkubwa aliyevaa viatu vya ngozi, kazi ya mchoraji ambaye mpaka leo hakuna aliyepata kumuuliza kwa nini. Dari la njia ya chooni limechorwa macho kila mahali, kiasi kwamba wageni wengine hurudi kabla hawajafika. Pale mbele kuna jukwaa dogo la muziki na kinanda kilichong'oka vibonye, na katikati zimepangwa mashine za michezo, nyingine zimewazidi umri wanaozichezea.

Anaanza na mashine ya vyura, wale wanaochomoza kwenye matundu ili wagongwe nyundo. "Huyu wa pembeni ana kiburi," anasema, akiizaba mashine kofi ubavuni. Chura anachomoza. Anahamia kwenye gari la mashindano ambalo usukani wake unakubali kwenda kulia tu, analikaza, analijaribu, analigunia.

La mwisho ni sanduku la kioo lililosimama karibu na jukwaa, refu kama mtu mzima. Ndani ameketi mzee wa mbao mwenye kofia na miwani isiyo na vioo. Mama Bisibisi anafuta kioo, anachukua tokeni moja, zile sarafu za bati zinazouzwa mlangoni, anaitumbukiza.

Mzee wa mbao anatikisa kichwa. Taya linafunguka. Inatoka sauti nzito ya mwanamume anayejizuia kucheka:

"Leo sioni kitu. Rudi kesho."

"Haya," anajibu Mama Bisibisi, na anaendelea na kazi.

Sauti hiyo ni ya mumewe. Amefariki mwaka wa nne sasa.

Mama Bisibisi ana miaka hamsini na minane, na ndiye fundi pekee wa ukumbi huu. Jina hilo alibandikwa na wanamuziki wa jukwaani, kwa kuwa bisibisi haitoki kwenye mfuko wa koti lake la kazi, hata akienda msibani. Mikanda ya mashine ikikatika anachonga mingine kwa mpira wa baiskeli. Mshahara wake haujapanda kwa miaka sita, na nusu yake huishia kwenye kodi ya chumba na dawa za presha.

Hakuanza kama fundi. Alianza akiwa msichana wa kuuza tokeni mlangoni. Siku moja akaja seremala aliyeitwa kutengeneza viti vya ukumbi, kazi ya wiki moja.

"Ananunua tokeni, hachezi," anakumbuka, na uso wake wote unakuwa wa msichana yule. "Kila siku ananunua. Nikamuuliza, kaka, hizi unakula? Akasema anasubiri mashine ya kumtabiria kama nitamkubali. Nikamwambia mashine hiyo hatuna. Akaenda akaichonga."

Ndivyo alivyozaliwa Babu Bashiri, yule mzee wa mbao. Seremala alichonga kichwa, akaunga taya kwa waya, akajirekodi mwenyewe kwenye kaseti. Alipomaliza alimwomba muuza tokeni awe mteja wa kwanza.

"Nikatumbukiza. Babu akaniambia, 'Leo sioni kitu. Rudi kesho.' Nikasema huyu mtu ana wazimu. Lakini nikarudi. Kesho yake tena, ohoo, 'Leo sioni kitu, rudi kesho.' Siku ya tatu ndiyo akasema, 'Muoaji yuko nyuma yako.' Nikageuka, kasimama pale kajaa vumbi la mbao, hata kunawa hakunawa."

Seremala hakuondoka tena. Alijifunza nyaya, akamfundisha mkewe. Babu naye akaongezewa utabiri, na watu wakawa wanatoka mbali kuja kutukanwa naye kwa upole. "Mgeni yuko njiani, ficha sukari." "Safari naiona, nauli siioni." "Unapendwa na mtu mwenye madeni." Wapo waliofunga ndoa wakaja kupiga picha kando ya sanduku. Yupo mmoja aliyerudi kudai fidia kwa sababu mgeni kweli alikuja, na sukari hakuificha.

Katika utabiri wote ule, "rudi kesho" ndiyo iliyokuwa ya kuudhi. Mteja aliyeipata alijua tokeni yake imeliwa bure. Seremala hakukubali kuifuta. Alimwambia mkewe kwamba neno lililompa nyumba halifutwi.

Leo limebaki hilo tu. Na aliyeyafuta mengine ni Mama Bisibisi mwenyewe.

Anasimulia akiwa ameketi kwenye ukingo wa jukwaa, mikono yote miwili ndani ya mifuko.

Mafundi wa mashine, anaeleza, husugua bisibisi kwenye sumaku ya spika iliyokufa. Ikishapata sumaku inanasa skrubu, haidondoki ndani ya mashine mtu akakesha kuitafuta. Wote hufanya hivyo. Lakini sumaku na utepe wa kaseti haviishi nyumba moja, maana ikiupitia inafuta sauti. Kwa hiyo mumewe aliweka bisibisi moja ya mpini mwekundu, isiyoguswa na sumaku, kwa ajili ya Babu tu.

"Alikuwa anasema, atakayemfungua Babu kwa bisibisi ya sumaku atakuwa amemkata ulimi. Kanifundisha hilo kabla hata hajanifundisha kuunga waya. Nilijua. Hapo ndipo panaponiuma. Ningekuwa sijui, ningelala."

Wiki ya kwanza baada ya maziko alirudi kazini, kwa sababu nyumbani kulikuwa kimya mno. Siku hiyohiyo Babu akatafuna utepe. Mama Bisibisi akafungua sanduku, macho yamejaa machozi, mkono ukachukua kilichokuwemo mfukoni. Kwa ncha ya bisibisi akauvuta utepe uliojisokota, akaupitisha juu ya ncha hiyo pima baada ya pima, akaunyoosha, akaukunja upya.

"Niliukunja vizuri jamani. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Nikasema, baba watoto, ona, sijakuangusha."

Akatumbukiza tokeni. Babu akafungua taya, zikatoka chakarachakara. Akatumbukiza nyingine, chakarachakara. Alitumbukiza mpaka akafika kipande cha mwisho, ambacho hakikuwa kimesokotwa na kwa hiyo hakuwa amekivuta.

"Leo sioni kitu. Rudi kesho."

Ndipo akaangalia mkononi. Skrubu ilikuwa inaning'inia kwenye ncha ya bisibisi.

"Sikulia. Kilio kilinijia jioni, namenya kitunguu, nikapata kisingizio."

Ajali haina kinga, wamemwambia wanaompenda. Maji yakimwagika hayazoleki, wamemwambia wengine. Anawashukuru wote, na hakuna aliyemsaidia. Mwenye kovu usidhani kapoa, na kovu hili lina jambo moja zaidi ambalo hulisema kwa sauti ndogo.

Jioni ya mwisho hospitali, alimkuta mumewe amechoka lakini ana utani wake. Alimuuliza, "Unajionaje?" Mgonjwa akalegeza taya kama Babu, akatikisa kichwa mara mbili, akasema, "Leo sioni kitu. Rudi kesho."

"Nikacheka! Muuguzi naye akacheka. Nikambusu kwenye paji, nikaondoka zangu nyumbani. Alfajiri wakanipigia simu. Ningejua, nisingeondoka. Nani anarudi kesho kwa mtu kama yule?"

Baada ya ile siku ya bisibisi, Mama Bisibisi alikata sehemu iliyofutika kwa wembe, akaunga kile kipande, ili kila tokeni ipate angalau neno. Mwanzoni wateja walicheka. Walipogundua kwamba kesho yake Babu anawaambia vilevile, kicheko kikageuka manung'uniko. Wapo wanaodai tokeni zao. Anawarudishia kutoka mfukoni mwake.

Mwenye ukumbi, mwanamume mnene mwenye adabu ambaye alirithi jumba hili kwa baba yake, amevumilia mpaka amechoka. Kwa mwandishi wa makala haya alisema huku akitazama chini: "Marehemu nilimpenda, alinichongea farasi nikiwa mtoto. Lakini biashara haiendi kwa matanga. Mwezi ukiisha, ama Babu ana maneno mapya, ama pale naweka friji la soda."

Friji la soda. Mama Bisibisi hulitamka neno hilo kama mtu anayetaja mke mwenza.

Kuna sauti moja tu ambayo angeivumilia ndani ya sanduku lile. Binti yao wa pekee ni mshonaji, mtaa wa pili, na ana koo la baba yake: zito, lenye kicheko kilichofichwa. Wateja wake humwogopa akiwapima kiuno, maana hasemi uongo. Lakini Mama Bisibisi alichukua muda mrefu kumwomba. Aliona haya kumwambia mtoto aje kujaza shimo alilochimba mama.

Alipomwambia, binti aliweka mkasi chini. "Mama, mimi sikai kwenye kiti cha baba," alisema. Akashona upindo mzima bila kuinua kichwa. Kisha akauliza, "Lile neno lake litabaki?"

"Litabaki."

"Basi. Lakini likitoka hilo, na mimi nimetoka."

Wiki iliyopita waliketi jikoni, wakafunga madirisha, binti akarekodi utabiri mpya kwenye kaseti. Kauli mbili ni za baba yake, walizozikumbuka neno kwa neno, na nyingine ni zake. "Nguo unayoitaka ipo, mwili ndio haupo." Walicheka mpaka wakalazimika kuanza upya. Mara ya pili waliharibu kwa kulia.

Sasa imebaki kazi moja, na ndiyo inayomnyima Mama Bisibisi usingizi. Kile kipande cha mwisho cha utepe lazima kitolewe kwenye sanduku, kikatwe, kiungwe kwenye utepe mpya. Ni chembamba, kimechakaa kwa tokeni za miaka minne, na presha imeanza kuitikisa mikono yake. Wembe ukiteleza, au kikikatika, hakuna tena.

Kwenye simu anayo nakala, binti alimrekodia akiwa amesimama mbele ya kioo cha sanduku. Haipendi. "Humo anasikika kama mtu anayeongea yuko bafuni," anasema. "Na ule utepe ndio aliousemea yeye. Simu hajawahi kuisemea."

Alipoulizwa kwa nini asiite fundi mwingine mwenye mikono imara, alitoa mikono yake mifukoni kwa mara ya kwanza tangu aketi. Ilikuwa inatetemeka kweli.

"Aliyemkata ulimi ni mimi. Acha nimshone mimi."

Amepanga kufanya hivyo Jumapili, siku ambayo ukumbi hufunguliwa mchana. Bisibisi zote za sumaku zitakaa kwa binti, nje ya mlango. Binti amesema atampekua mama yake kama mlinzi wa benki, mpaka kwenye kilemba. Itakayoingia ndani ni ile ya mpini mwekundu, ambayo tangu siku ile Mama Bisibisi huilaza chini ya mto.

Kifaulu au kisifaulu, anasema, Babu hataondoka kupisha friji, kwa sababu sauti ya mtoto ipo. Hilo analishukuru. Lakini si hilo analoliombea usiku.

"Nikishakaza skrubu ya mwisho, tokeni ya kwanza ni yangu. Kama ile ya kwanza kabisa," anasema. "Akianza mwanangu, nitacheka. Nitatumbukiza nyingine, na nyingine, mpaka nimfikie yeye. Akiniambia nirudi kesho..."

Anainuka, anakwenda kufuta kioo cha sanduku, mahali ambapo tayari ni safi.

"Nitamwambia nimesharudi."