Vantilateri ya Harusi ya Yaya Furaha

Enzi zetu pale Bunia, vita ilipotulia nusunusu, watoto tulitengeneza mipira kwa mifuko ya plastiki na kuruka kamba mpaka mama zetu wakasirike. Hayo nayakumbuka kwa raha. Papa namukumbuka kwa raha pia, lakini mutu yule alitosha kuchosha mtaa mzima wa Shari.

Alikuwa fundi wa malori, na hakukubali kuwa kuna kitu asichokijua. Dada yangu mkubwa, Yaya Furaha, alipoposwa na kijana wa Marabo, kijiji ambacho watu wake na sisi tuliogopana tangu vita, Papa akaapa kwamba harusi itatumia ampli yake ya zamani, mashine ya kukuza sauti. Ilikula volti ishirini na nne, batri mbili za lori zimeungwa pamoja. Vantilateri, feni ya kuipoza, ilishakufa, na ampli ikipata moto inazima. Papa akatoa vantilateri mbili ndogo ndani ya ordinateri mbovu, kompyuta iliyokufa, kila moja ya volti kumi na mbili. Mama akamwambia, "Uliza Furaha, amesomea elektrisite, mambo ya umeme." Papa akacheka tu.

Siku ya harusi uani kulinukia sombe ya majani ya muhogo na samaki ya Kasenyi. Wakwe walifika nyuso zimefungwa. Wengine hawakuwa wamekanyaga mtaa wetu tangu vita, na walipaswa kurudi mapema, njia haikuaminika. Baba wa bwana harusi akasimama, akashika mikro, akasema, "Siye na nyinyi..." Ampli, iliyopiga muziki tangu asubuhi, ikapata moto, ikazima.

Shangazi yao mmoja akaanza kukusanya vitenge vyake.

Papa akakimbia na nyaya na zile vantilateri mbili, alikuwa hajazifunga bado. Vantilateri ya kwanza akaifunga moja kwa moja kwenye batri zote mbili. Ikalia kama mbu, ikatoa moshi. Mama akashika kichwa. Ya pili akaiwekea ampule, balbu kubwa ya taa ya lori, katikati, eti ipunguze nguvu. Ampule haikuwaka hata kidogo, vantilateri ikapiga kelele ileile.

"Papa, toa! Itaungua!"

Alikuwa Yaya Furaha, amesimama na gauni lake jeupe, vali ya kufunika kichwa ameibana kwapani.

"Batri iko ngapi?"

"Mbili."

"Kila moja volti ngapi?"

Papa akazidi kukaza waya.

"Duze, kumi na mbili! Na vantilateri iko ya duze. Funga ku batri moja tu, Papa. Moja!"

Akapiga magoti kwenye vumbi, akahamisha waya mwenyewe. Vantilateri ikazunguka polepole, kwa adabu. Ampli ilipopoa, ikawaka.

Mukwe, yule baba wa bwana harusi, akacheka mpaka akafuta macho. "Huyu tunamubeba leo leo, kabla hamujabadilisha mawazo!" Watu wote wakacheka, shangazi akakaa chini. Ndipo mzee akasema alichokuja kusema: "Siye na nyinyi tulikimbia njia moja, tulilala pori moja. Tusiogopane tena." Mama akalia. Wakala, wakaondoka jua lingali juu.

Papa, mpaka anazeeka, alisimulia kwamba wazo lile lilikuwa lake.

Siku hizi kitu kikizima vijana wanakitupa, wananunua kipya, hawafungui hata skurubu moja. Mwaka jana nilisimama kwenye harusi ya mtoto wangu, na mashine mpya inayosikika mpaka sokoni. Nilizungumza juu ya amani, juu ya miaka tuliyovuka. Nilipoinua macho, meza nzima ya vijana walikuwa wameinamia telefoni. Nikamaliza haraka, nikakaa.