Nilikuwa nachagua akaunti isiyokatwa kodi, simu ya marehemu babangu ikaita: AMANA

Asalaam aleikum wakuu, na wale wa salamu nyingine, hamjambo.

Humu mimi ni msomaji wa kimya kimya, nacheka na kupita. Leo naweka langu. Mtakaosema ni chai, hadithi ya kutunga, nawaruhusu, ila jueni kisa hiki hakikuniongezea hata senti. Kilinipunguzia nusu.

Mimi ni mwanamke, nakaa Timbwani, nauza kwenye duka la dawa kule Chaani.

Babangu alifanya kazi bandarini hadi akastaafu. Miezi miwili kabla ya kufariki aliuza kiwanja chake cha Shika Adabu, milioni moja na laki mbili. Pesa ikaingia kwenye akaunti yangu kwa sababu yeye hakuwa tena na nguvu za foleni.

Siku moja nikimnywesha uji nikamwambia, "Baba, pesa zile zinakaa bure. Tuziweke pahali zizae."

Akanishika mkono. Sauti ilikuwa imekwisha.

"Amana, mwanangu. Zile amana."

Nikamwambia nimeelewa. Kwani nani hajui akaunti ya amana? Unaweka pesa kwa mkupuo, unaiacha muda wake, unapata chako. Nikafurahi kwamba mzee mambo ya benki anayajua. Wiki ile ile akatutoka.

Baada ya arobaini, ndugu zangu wawili walioko Saudia wakanikabidhi kazi: nitafute pahali pazuri pa kuweka, kugawana baadaye.

Nikaenda benki moja karibu na kazini. Riba sisi hatuli, kwa hiyo nikaelekezwa dirisha la Kiislamu. Dada wa pale, mpole sana, akanipa njia mbili.

Ya kwanza ni akaunti ya kawaida ya akiba. Unatoa ukitaka, faida ndogo, na hiyo ndogo inakatwa kodi kabla haijakufikia.

Ya pili ni sukuk, hati za uwekezaji zisizo na riba. Faida yake haikatwi kodi hata shilingi. Ila pesa inafungwa miaka. Ukitaka kutoka mapema utafute mwenyewe wa kuinunua hati yako, na huenda ukauza kwa hasara.

Wakuu, tax-free ni neno tamu. Mkenya ukimwambia hapa hukatwi, hasomi mstari wa pili. Mimi hapo hapo nikasema nipe fomu ya sukuk.

Sasa sikilizeni.

Simu ya babangu, ile ya vibonye, nilikuwa natembea nayo mkobani kwa sababu watu bado walikuwa wanapiga kutoa pole. Nimeanza kujaza jina langu tu, ikaita. Kwenye kioo imeandikwa AMANA.

Nikajua ni benki. Nikapokea.

Sauti ya mwanamke mzee ikasema, "Abee?"

Nikasema, "Haloo, nani mwenzangu?"

"Abee, Mzee Athumani. Nimekusikia."

Ikakatika.

Kwa wenzetu wa bara: abee ni jibu la mwanamke anapoitwa. Unaitwa jina lako kutoka chumba cha pili, unasema abee. Hakuna anayeitika asipoitwa. Na Athumani ni jina la babangu.

Nikamwambia yule dada, "Watu wenu wa amana wananipigia kwenye simu ya marehemu." Akanitazama vibaya. Akasema hawana mtu kama huyo, na namba ya babangu hawana. Nikahisi baridi mgongoni, na feni yao ilikuwa haifanyi kazi. Nikaondoka na fomu yangu, nikamwambia nitarudi.

Nilirudi baada ya siku tatu, mchana, jua linachoma. Nimefika kwenye mstari wa kiasi cha pesa. Simu ikaita. AMANA.

"Abee? Nimekusikia, Athumani. Mara ya pili hii unaniita."

Nikasema kwa nguvu, "Bibi, mwenye simu amefariki! Wewe ni nani?"

Hakunijibu. Nilimsikia akipumua kwa utulivu, kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kuzungumza. Kisha ikakatika.

Nikajiambia ni vibonye vinabonyezwa mkobani, simu inampigia mtu naye anarudisha. Mimi si mtu wa kuamini kila kitu, nauza dawa, nimeona wangapi wanaosema wamerogwa kumbe ni sukari. Nikaingia kwenye orodha ya simu zilizopigwa. Haikuwa na kitu kipya. Tangu babangu afariki, simu ile haikumpigia mtu.

Mara ya tatu niliiacha nyumbani, nimeizima, ndani ya kabati la nguo. Nikaenda, fomu imejaa, imebaki sahihi. Nikashika kalamu.

Ikaita simu yangu mimi. Namba nisiyoijua.

"Abee?"

Wakuu, kalamu iliniponyoka. Sikusaini. Nilitoka nje, nikaipiga ile namba. Akapokea mwanamke kijana.

"Huyo ni mama mkwe wangu, Bi Zuhura. Namba yako nimepewa na jirani yenu tunayefahamiana naye, nilipoona ile ya mzee haipatikani. Njoo Kisauni, dadangu, kwa simu hamtasikizana."

Nikaenda siku ile ile.

Nikamkuta ameketi kitandani, mwembamba, leso kichwani. Nikasema shikamoo. Akaendelea kutazama mlango. Mkaza mwana wake akainama kwenye sikio lake la kulia akapiga kelele, "Mama! Ni binti wa Mzee Athumani!"

Ndipo nikaelewa kwa nini hakunijibu kwenye simu. Bi Zuhura hasikii. Kwa miaka mingi sasa, hata adhana ya msikiti ulio nyuma ya nyumba haimfikii. Mkaza mwana humpigia namba tu, na yeye husema lake.

Nikamuuliza mkaza mwana, "Sasa yeye alimsikia vipi babangu?"

Akainua mabega. "Anaketi tu, mara anaitika. Abee. Kisha anataka simu. Siku ya kwanza nilidhani ni homa."

Bi Zuhura akanishika mkono pale pale aliponishika babangu. "Ndoo mwanangu, njoo keti. Babako ameniita ana haraka. Nimeshindwa kwenda, miguu hainipeleki."

Akatoa karatasi kwenye mfuko wa plastiki. Mwandiko wa babangu naujua, herufi zake zinalala upande kama zimechoka. Iliandikwa kwamba kiwanja cha Shika Adabu kilinunuliwa na watu wawili, kwa jina la Athumani, na nusu yake ni amana ya Zuhura binti Salim. Zamani Bi Zuhura alikuwa akiuza mahamri pale babangu alipokuwa akifanyia kazi, akimpa akiba yake kidogo kidogo amuwekee.

Amana. Hakuwa anazungumzia akaunti. Alikuwa ananiambia si zake. Na ndiyo maana namba ya Bi Zuhura aliiandika AMANA kwenye simu yake.

Na mimi, Mswahili wa Timbwani, niliyekuzwa kwa neno hilo, nililisikia kama tangazo la benki. Niliona haya sana, nikalia mbele ya watu nisiowajua.

Ningesaini, laki sita za mama yule zingefungwa miaka ambayo yeye huenda hana. Na babangu angelala na deni la amana kaburini.

Ndugu yangu Swaleh alipandisha sauti kutoka Saudia. "Karatasi si hati!" Nikamtumia picha ya ule mwandiko. Akanipigia tena, akasema, "Mpe haki yake."

Laki sita za Bi Zuhura tumeziweka akaunti ya kawaida kwa jina lake. Zikatwe kodi, si kitu, anahitaji dawa na uji, na pesa yake lazima itoke siku anayoitaka. Zetu zilizobaki tumeziingiza kwenye sukuk. Sisi tunaweza kungoja.

Somo langu, wakuu: kabla hujauliza ni akaunti gani inakatwa kodi na gani haikatwi, uliza pesa ni ya nani na ataihitaji lini. Hayo mawili yakijulikana, akaunti inajichagua yenyewe. Na mgonjwa wako akikwambia neno moja, usimkatize kwa "nimeelewa". Muulize tena, hata kama anachoka.

Wataalamu wa sukuk, nisahihisheni nilipokosea. Wenye maelezo ya ile sauti pia karibuni, wa dini na wa sayansi.

Lakini kuna kinachoniuma ambacho sijamwambia mtu. Nilimuuguza babangu miezi minane. Nilimuosha, nilimlisha, nililala sakafuni kando yake. Kila siku naiwasha ile simu na kutega sikio nyumba nzima. Mwanamke asiyesikia ameitwa mara tatu.

Mimi nasikia vizuri, na hajaniita.